Utitiri Katika Michikichi ya Ansgar

Novemba 3, 1974

Mvua ya kwanza imenyesha leo tukiwa kanisani. Bati lilipiga kelele hata mahubiri hayakusikika, na sikusikitika. Naanza kuandika humu kwa sababu sina tena mtu wa kumsimulia siku ilivyokwenda. Binti yangu Coletha ameolewa mbali, na mume wangu Ansgar yuko chini ya udongo tangu Juni. Jioni nikirudi naongea na sufuria.

Mpaka Septemba nilikuwa nalala karibu naye. Operesheni ya vijiji ilipokuja tuliambiwa tuhamie hapa barabarani, kila mtu kwenye mstari wake, nyumba zikitazamana. Kwangu kwa zamani ni kule bondeni, karibu na mto, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Nyumba wameiezua. Imebaki michikichi, na kaburi chini ya mchikichi wa mwisho, ule mkubwa. Mbegu zake Ansgar alitoka nazo Kigoma alipoacha kazi ya reli, amezifunga kwenye leso, na watu wakamcheka kwamba ameleta kokwa badala ya baiskeli.

Novemba 10

Mkutano wa kijiji. Mwenyekiti Jilala amesema mashamba yote ya zamani bondeni yatakuwa shamba la pamba la kijiji. Trekta iliyolima kipande cha kwanza Oktoba itarudi mvua zikikatika, udongo ukiwa bado laini. Mwenye mazao ya kudumu yaliyo hai ataachiwa sehemu yake. Nikanyoosha mkono nikauliza, na makaburi je?

"Mama Coletha, trekta haina macho," akasema. "Penye mti ulio hai itapita pembeni. Penye majani italima."

Mtu huyu simpendi. Anasema mambo mazito kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani. Lakini nimerudi nyumbani nimetulia. Miti yangu ni hai, tena inazaa. Nusu ya wanawake wa kijiji hiki wanafulia sabuni ya mawese yangu.

Novemba 19

Nimepalilia. Mvua. Mgongo.

Novemba 28

Mchikichi mmoja wa upande wa mto umeinamisha jani la katikati, lile changa. Nililivuta likatoka mkononi kama unavyong'oa kitunguu, na chini yake limeoza na kunuka togwa iliyochacha. Nikaweka sikio kwenye shina. Kuna kitu kinatafuna ndani. Nimesikia kabisa, krr, krr, kama ng'ombe anayecheua mbali.

Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Sijawahi kusikia mti ukiliwa nikiwa nimeukumbatia.

Desemba 7

Nimemwona mwenyewe. Ni fukusi, lakini si huyu wetu wa mahindi. Ni mweusi, mkubwa kama kidole gumba, ana mdomo mrefu uliopinda. Anatoboa, anataga, na mabuu yake meupe manono ndiyo yanayokula moyo wa mti. Mitatu sasa imeinamisha majani.

Mmoja niliyemkamata chini ya mti wa Ansgar, ule wa kaburini, alikuwa hawezi kuruka. Nilipomfunua mabawa, chini yake palikuwa na vidudu vidogo vya rangi ya kahawia, vimebanana kama ulezi kwenye kibuyu. Nikavigusa kwa ncha ya mwiba, vikatembea. Ni utitiri. Mdudu anayekula miti yangu naye analiwa. Nimefurahi kwa ubaya.

Desemba 9

Nimefanya jambo la kijinga na nitaliandika hivyo hivyo. Kwa kuwa utitiri ni utitiri, nilikwenda kwa jirani yangu Mbuke, nikafagia banda lake la kuku, nikabeba takataka zote kwenye ungo na kuzimwaga kwenye michikichi. Mbuke alidhani nimeanza kutafuta mbolea. Fukusi hawakupata chochote. Mimi nimejikuna siku nzima hadi kichwani.

Mbuke alicheka akakaa chini. "Mayu, mama yangu, utitiri wa kuku unataka kuku," akasema. Ni kweli, na ningeweza kulijua hilo bila kujikuna.

Desemba 15

Shemeji Donatus, mdogo wake Ansgar, amekuja na bomba la kupulizia na dawa ya pamba. Ana shamba kubwa la pamba na anaamini hakuna ugonjwa usioogopa bomba. Hakuniuliza, aliingia tu na kuanza. Mimi huwa nadhani anaitaka ile ardhi. Tangu msiba hajawahi kukaa na mimi tukazungumza, huleta kitu, hukiweka, huondoka.

Amepuliza yote isipokuwa wa Ansgar na miwili iliyo jirani nao. Hapo nilisimama mbele yake nikasema sitaki sumu juu ya mume wangu. Akashusha bomba akaenda zake.

Desemba 25

Krismasi. Nimekula kwa Mbuke. Mvua haikuacha.

Januari 8, 1975

Fukusi waliokuwa nje walikufa kwa dawa, na nilimshukuru Donatus moyoni. Sasa wanatoka wengine kutoka ndani ya mashina, ambako dawa haifiki. Ni wazima, wanang'aa, wanaruka kama risasi. Nimewafunua mabawa. Wasafi. Hakuna utitiri hata mmoja.

Jani la katikati limeinama kwenye mti mwingine. Na mwingine.

Januari 21

Nimekuwa nikiwakamata kila siku na kuwafunua. Upande uliopulizwa, wasafi na wepesi. Kwenye mti wa Ansgar na ile miwili, wanakokota miguu, wanaanguka chali na hawajigeuzi, na chini ya mabawa utitiri umejaa tele. Mti wa Ansgar nao una mashimo, lakini unasimama, na sauti ya kutafuna ni kidogo.

Sijui kama utitiri ndio unaomuua fukusi au unapenda tu kukaa kwa anayekufa. Sina wa kumuuliza. Bwana shamba aliyepita wiki hii alinisikiliza akitazama saa yake, akaniambia nipulize tena.

Februari 3

Mchikichi wa kwanza umeanguka. Ndani ni uji.

Februari 12, Jumatano ya Majivu

Padre amenipaka majivu na kunikumbusha kwamba mimi ni mavumbi. Nilitaka kumwambia kwamba mwenyekiti Jilala ameshanikumbusha.

Kila nikifumba macho naiona ile trekta. Naona jembe lake la sahani likiingia kwenye udongo wa Ansgar na kugeuza. Alizikwa na shati lake la kitenge alilolipenda. Nawaza kama kipande cha kitambaa kitatokea juu. Haya si mawazo ya kumwambia mtu yeyote, kwa hiyo nayaweka hapa. Ninaogopa. Sijui kusema vizuri zaidi ya hivyo.

Februari 20

Nilikata jani moja kavu jana ili kupata njia. Asubuhi hii fukusi walikuwa wamekaa kwenye lile kovu, wanagombania utomvu kama nzi kwenye usaha. Mahali ambapo sikukata hapana hata mmoja.

Nikasimama na panga mkononi, nikakumbuka. Mwezi wa Juni, siku ya msiba, tulihitaji kivuli cha waombolezaji. Watu walikuwa wengi kuliko turubai. Makuti mabichi yalikatwa kwenye kila mti, wa huku na wa kule, tukajenga kibanda cha matanga, na mengine yakapindwa kuwa upinde juu ya kaburi. Kila mtu alisema ni mazishi mazuri. Miti yote ikabaki na vidonda wiki nzima kwenye jua.

Ni sisi tuliowaita. Tulimlilia Ansgar kwa kuikata miti yake.

Na aliyekata, kwa panga lake, bila kupumzika, bila kumwachia mwingine, ni Donatus.

Februari 23

Nimemwambia. Nilikwenda kwake baada ya misa, nikamkuta anafunga marobota ya pamba ya mwaka jana yaliyolala bila kuuzwa, na nikamwambia mbele ya mkewe.

"Ni panga lako, shemeji. Wewe ndiye uliyewafungulia mlango."

Aliendelea kufunga kamba ambayo tayari ilikuwa imefungwa. Mkewe akaniambia taratibu niende nyumbani. Njiani nilijisikia vizuri, kisha nilipofika nikajisikia vibaya, na hadi sasa ninajisikia vibaya.

Machi 9

Donatus haonekani kanisani. Mbuke amekuja kuniambia jambo, akaanza na habari za chumvi, za mjukuu wake, za mvua, mpaka nikamwambia aseme. Akasema kwenye kisima watu wanaulizana kwa nini mjane anakwenda kaburini kila siku na kurudi na wadudu kwenye kopo. Wanasema Mama Coletha anafuga wadudu kwenye kaburi la mumewe. Na macho yangu ni mekundu kama ya mchawi, wanasema. Macho yangu ni mekundu kwa moshi wa kuchemsha mawese ambayo wao wenyewe wanafulia.

Nikamuuliza, na wewe unasemaje? Akasema yeye hasemi kitu. Lakini chai hakumaliza.

Kwetu maneno ya namna hiyo hayaishii kisimani. Nimeweka gogo nyuma ya mlango.

Machi 16

Katekista Bartholomeo amekuja. Jumapili ijayo ni ya Matawi, na kila mwaka kanisa hukata matawi kwa Ansgar. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia Bwana wetu aingie Yerusalemu mwaka huu akipungiwa majani ya migomba. Mzee wa watu akatoka bila kuaga.

Machi 20

Sijalala vizuri lakini nimeona jambo.

Fukusi wanaifuata harufu ya kidonda. Basi wapewe kidonda kimoja kikubwa, ambacho harufu yake inashinda yote, ili wale wasafi wa upande wa mto waiache miti yao waje kukusanyika mahali pamoja. Na mahali hapo pawe pale ambapo fukusi wenyeji wana utitiri. Kuku mmoja mwenye utitiri akiingia bandani huwaambukiza wote. Fukusi nao wanapandana, wanasuguana, wanalala mdomo kwa mdomo kwenye utomvu.

Ile miwili ya jirani ni midogo, haina utomvu wa kuwaita wa mbali. Hakuna mwingine ila wa Ansgar.

Jioni nilikwenda kwa Donatus. Sikuomba msamaha, sikujua pa kuanzia. Nilimwambia ninachotaka: akate kilele chote cha mti wa kaburini, autoboe na shina.

"Unataka nikate tena, shemeji?"

"Ndiyo."

"Kwa mkono huu huu?"

Nikasema mwingine sina. Ndipo akaniambia kwamba siku ile ya msiba alikata kwa sababu alikuwa hawezi kukaa na watu. Alisema angekaa angepiga kelele kama mtoto, kwa hiyo alipanda miti. Nami miezi yote hii nimeamini alikuwa na haraka ya kuonekana mwenye shamba.

Machi 22

Amekata. Alipanda akiwa na kamba kiunoni, na kila kuti lilipoanguka juu ya kaburi moyo wangu ulianguka nalo. Alipoukata moyo wenyewe, utomvu ulitiririka shina zima. Mti ule Ansgar aliuotesha kwenye kopo la maziwa kabla Coletha hajazaliwa.

Makuti tumeyafunga na kumpelekea katekista. Aliyapokea na kusema ahsante, nami nikamwomba radhi kwa maneno yangu ya juzi. Angalau kwake nimeweza.

Machi 23

Jumapili ya Matawi. Kanisa zima limepunga mti wa Ansgar.

Machi 27, Alhamisi Kuu

Wamekuja. Sijawahi kuona wingi wa namna ile. Shina limekuwa jeusi, linatembea. Wanatoka upande wa mto wakivuma, wanagonga shina, wanaingia. Donatus aliona akakimbia kwenda kuleta mafuta ya taa na kiberiti. Alisema tuwachome wote sasa hivi wakiwa pamoja, tumalize.

Alikuwa na haki. Mtu yeyote mwenye akili angewachoma. Lakini bado wengine wengi wamo ndani ya mashina mengine, na hao watatoka wiki zijazo, wasafi, na hakutakuwa na utitiri uliobaki duniani wa kuwapokea. Nilishika lile debe la mafuta. Tukavutana juu ya kaburi kama walevi.

"Usipowachoma umewazalisha," akasema. "Watakula kijiji kizima, nao watakuja kukuuliza wewe."

Nikamwambia najua. Akaliacha debe mikononi mwangu. Aliketi pembeni na kusema, basi tutangoja, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayengoja mgonjwa.

Machi 30

Pasaka. Kristo amefufuka. Kule bondeni wanatafuna.

Aprili 6

Bado.

Aprili 11

Bado. Nimefunua wa upande wa mto aliyekuja kwenye shina. Ana utitiri mmoja, au ni uchafu. Macho yangu yamechoka.

Aprili 13

Leo nimeelewa nilichofanya, na nimekaa chini kwenye tope.

Jilala alisema penye mti ulio hai trekta itapita pembeni. Mti wa kaburini umekufa. Nimeuua mimi. Hata mingine yote ikipona, Ansgar amelala mwishoni, chini ya gogo, na ile miwili ya jirani iko upande wa ndani. Trekta ikitoka upande wa mbuga, wa kwanza kukutana nayo ni yeye. Nilifikiria fukusi, nilifikiria utitiri, nilifikiria harufu na utomvu, na sikufikiria mstari wa trekta. Nimeokoa miti, kama nimeiokoa, kwa kumtoa yeye.

Sijamwambia Donatus.

Aprili 20

Mvua zinapungua. Kila mtu anafurahi, mahindi yanakauka vizuri. Mimi nazipigia magoti ziendelee.

Aprili 27

Wamekufa. Chini ya lile gogo, chini ya ile miwili, na hata upande wa mto, fukusi wamelala chali. Niliwakusanya kwenye ungo na kila niliyemfunua amejaa utitiri mpaka mabawa hayafungi. Waliobaki hai wanatambaa kama wazee. Niliweka sikio kwenye kila shina. Mashina mawili bado yanatafunwa. Mengine kimya.

Nilipogeuka Mbuke alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisema amekuja kuona kwa macho yake kabla hajasema kitu kisimani. Nikampa fukusi mmoja mkononi. Alimfunua, akamleta karibu na uso, akatazama sana.

"Kumbe na huyu ana chawa wake," akasema. Akacheka, na mimi nikacheka hadi nikaanza kulia. Alinishika bega mpaka nikanyamaza. Kisha akanisaidia kubeba ungo, tukapita nao kisimani makusudi.

Mei 8

Majani mapya ya katikati, meupe bado, yamesimama wima kwenye miti tisa. Minne imekufa, na wa Ansgar wa tano.

Nimemwambia Donatus kuhusu mstari. Alikuwa ameshajua. Anasema alijua tangu alipokuwa juu na panga, akadhani na mimi najua na nimeamua. Tumetazamana kama wajinga wawili.

Mei 19

Trekta imelala kijijini. Watoto wanaizunguka na kuigusa matairi.

Mei 20

Nataka kuandika yote kabla sijayachanganya.

Tulifika bondeni mapema, mimi na Donatus, tukasimama kaburini. Trekta ilikuja kwa upande wa mbuga kama nilivyoogopa, na Jilala mbele yake kwa miguu. Mahali palipokuwa na nyumba yangu ilipita bila kusimama. Nililiona jiwe langu la kusagia likigeuka na kuzama, lile nililoliacha wakati wa kuhama kwa sababu ya uzito.

Jilala aliinua mkono, dereva akasimama. Akaingia kwenye michikichi akaipitia mmoja mmoja, anatazama juu kwenye jani changa, kwenye mingine anaweka sikio, na sikujua nani alimfundisha hilo. Alisema hii ni hai, iachwe. Kisha akaja kwenye gogo.

"Huu umekufa, Mama Coletha."

Donatus alifungua mdomo, nikamwahi. Nilimwambia huu ndio ulioiponya ile mingine. Sikujua namna ya kueleza mbele ya trekta inayonguruma, kwa hiyo nilichukua panga nikapasua lile gogo bovu, na ndani walikuwamo, fukusi wakavu, na utitiri umewafunika. Nikamwambia tuliukata sisi ili wadudu waje wafie hapa. Nikamwambia sikufikiria mstari wa trekta, na kwamba kosa hilo ni langu, si la marehemu.

Jilala alichuchumaa. Alimwokota mmoja, akamgeuza. Dereva akazima injini. Nilingoja aseme kuhusu macho ya trekta.

"Mama yangu nimemlima mwenyewe," akasema.

Sikuelewa. Akasema, bado amechuchumaa, kwamba kaburi la mama yake lilikuwa kule ng'ambo ya bonde, kwenye kipande cha kwanza kilicholimwa Oktoba. Palikuwa na majani tu. Alimwambia dereva aanze hapo hapo, ili mtu yeyote asije kusema mwenyekiti ana sheria yake. Hakuna aliyejua kwa sababu hakumwambia mtu. Alilisema kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi, na nikatambua kwamba miezi yote hii sikuwa nimeisikia vizuri.

Akasimama, akajipangusa magoti. Alimwambia dereva apite nyuma ya gogo, mbali, na alipoona dereva hajaelewa alikwenda mwenyewe akatembea mbele ya tairi, akachora njia kwa miguu yake kuzunguka kaburi lote. Trekta ilimfuata. Donatus aliketi chini na kulia kwa sauti, kile kilio alichokikimbia siku ya msiba, na nilimwacha alie.

Ilipokwisha kupita, Jilala alirudi. Alikuwa na tope mpaka magotini. Aliniuliza kama mchikichi unaweza kuota kwenye shamba la pamba. Nikamwambia ule ni udongo mkavu, utahitaji kumwagiliwa kila siku kiangazi chote. Akasema mahali penyewe bado anapakumbuka, kwa kukadiria. Maji atabeba.

Nikaenda kumtafutia mbegu.